Frankfurt haikuanza mwaka 1972

Makala yenu kuhusu uwanja wa ndege wa Frankfurt, Ujerumani, ni nzuri, ila mwandishi anaanza na mwaka 1972 lilipofunguliwa Jengo la 1 la abiria, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa msitu mtupu. Uwanja wa Frankfurt ulifunguliwa Julai 1936, na fahari yake enzi hizo ilikuwa zeppelin, yale madude marefu ya gesi yanayoruka na abiria. Ile zeppelin Hindenburg iliyoteketea Lakehurst, Marekani, Mei 1937 iliondokea hapo hapo. Wasovieti walipofunga njia za kwenda Berlin Magharibi mwaka 1948, ndege za Wamarekani zikawa zinapakia vyakula na makaa ya mawe Frankfurt usiku na mchana. Jeshi lao lilikaa upande wa kusini hadi 2005, na Jengo la 3 limejengwa kwenye eneo waliloliacha.

Hata majirani hawakutajwa! Kupinga njia ya kurukia ya Magharibi, iliyofunguliwa 1984, watu walijenga kijiji cha vibanda msituni mpaka polisi wakaja kukivunja. Leo kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri safari za kawaida hazipangwi, na kwa maoni yangu ni haki yao kulala.

Halafu kwa anayeunganisha na treni: stesheni ziko mbili. Treni za karibu ziko chini ya Jengo la 1, lakini za kwenda mbali, Cologne kwa mfano, ziko ng'ambo ya barabara kuu, unavuka kwa daraja la ndani. Fuata kibao cha Fernbahnhof, yaani stesheni ya treni za mbali, usishuke tu ngazi za kwanza unazoziona.