Spishi au nususpishi, msitu wake ni ule ule

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha misitu hapa Taita, mgeni mmoja aliyekuja kwa niaba ya wafadhili aliuliza swali ambalo hadi leo limenikaa kooni. Ndege wetu mdogo, apalisi wa Taita, ni spishi kamili kweli, au ni nususpishi tu, yaani tawi, la spishi ya yule apalisi aliyeenea hadi Afrika Kusini? Alipoulizwa kwa nini anataka kujua, akasema nususpishi ni vigumu kuiombea fedha. Wazee wakatazamana. Mimi nikasimama nikasema niliyoyasema, na hapa narudia, kwa sababu hasira haijaniisha.

Kwa mujibu wa Orodha Nyekundu, ile orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, huyu ni spishi kamili, Apalis fuscigularis, na yumo katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka porini. Hana makao pengine duniani ila vilima hivi vyetu. Hesabu zote nilizowahi kuzisoma ni za mamia tu. Lakini kwa miaka mingi, tangu alipopewa jina la kisayansi mwaka 1938, vitabu vingi vimemweka kama tawi la Apalis thoracica, ndege ambaye hayumo hatarini hata kidogo kwa kuwa ametapakaa kuanzia milima yetu hadi kusini kabisa mwa bara.

Sasa fikiria kamati inayopanga orodha ibadili mawazo kesho na kuwaunganisha tena. Leo yuko hatarini mno, kesho hana shida yoyote, na huku msituni hakuna kifaranga hata mmoja aliyeongezeka. Msitu wa Ngangao utabaki na hekta zake takriban 120. Ule wa Chawia hautafika 100. Mikaratusi na misonobari iliyopandwa katikati itaendelea kusimama pale pale, na ndege huyu mdogo wa vichakani ataendelea kushindwa kuvuka mashamba kwenda kumtafuta mwenzake kwenye kilima cha pili. Kitakachokuwa kimebadilika ni mstari mmoja katika jedwali, na kwa mstari huo fedha za miche, za walinzi wa msitu na za vijana wanaohesabu ndege zinaweza kukauka. Hilo silikubali. Kati ya 1955 na 2004 tulipoteza nusu ya msitu wa asili uliokuwa umesalia katika vilima hivi. Waliokata hawakuuliza kama anayeishi juu ya mti ni spishi au nususpishi, na anayetaka kuuokoa msitu uliobaki hana haja ya kungoja jibu hilo.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wataalamu wa uainishaji lazima wawe huru. Vinasaba vinapoonyesha jambo, waliseme. Tumefaidika nao pia. Yule jirani wa apalisi, mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, anayepekua majani makavu chini ya miti ya msitu wetu mwingine, Mbololo, naye alikuwa akihesabiwa kama tawi la ndege wa kawaida kabisa kabla ya kutambuliwa kuwa Turdus helleri. Kule Pemba bundi mdogo wa msitu wa Ngezi aliwahi kuwekwa pamoja na yule wa Madagaska. Wapemba walikuwa wakimsikia usiku karafuuni miaka yote hiyo.

Na tatizo si uhuru wao. Tatizo ni kwamba hadi juzi kulikuwa na orodha kadhaa kubwa za ndege wa dunia, kila moja na hukumu yake, na mtu wa ofisini aliweza kuchagua ile inayompunguzia kazi. Mwaka 2025 imetoka orodha moja ya pamoja, AviList, yenye spishi 11,131. Naipokea kwa mikono miwili. Ila orodha moja ikikosea, inakosea kwa niaba ya kila mtu, kwa hiyo hoja yangu inapata uzito zaidi.

Ninachotaka ni kwamba tathmini ya hatari ifuate kundi la ndege lililojitenga na kilima chake, haidhuru liko ngazi gani kwenye uainishaji. Mwanya upo: Orodha Nyekundu yenyewe inaruhusu nususpishi kutathminiwa peke yake, mradi spishi nzima iwe imekwisha tathminiwa. Wenye fedha na wenye sheria wanajua hivyo. Basi waache kuuliza cheo cha ndege kabla ya kuuliza hali ya msitu. Wenyeji tunaokunywa maji ya vijito vya Ngangao hatuhitaji kushawishiwa. Mto Voi unaanzia katika vilima hivi.

Kikao kijacho kitapitia mpango wa msitu. Nitataka uandikwe mambo matatu: misonobari ya Ngangao na Chawia iondolewe kidogo kidogo, si kwa mkupuo, miti ya kwetu, muiri ukiwemo, ijaze nafasi hizo na mianya kati ya kilima na kilima, na fedha zifungwe kwenye hekta za msitu, zisifungwe kwenye jina la ndege. Mgeni wetu amealikwa tena. Nimeomba apewe nafasi ya kuzungumza kwanza.