Nusu pointi ya Rayno Nel, ni ubingwa kweli?

Toka Mei 2025 Rayno Nel wa Afrika Kusini achukue World's Strongest Man, yale mashindano ya kumtafuta mwenye nguvu kuliko wote duniani, kule Sacramento, Marekani, hapa Dodoma kila tukikutana gym ubishi unarudi palepale, eti kamzidi Tom Stoltman wa Scotland kwa nusu pointi tu, sasa nusu pointi nayo ni nguvu?

Wanaobisha wana hoja. Stoltman alishabeba taji mara tatu, 2021, 2022 na 2024, na kwenye zoezi la kunyanyua mawe mazito ya duara anaogopwa na kila mtu. Afu pointi zinatolewa kwa nafasi, fainali wako watu 10, kila zoezi wa kwanza anapata 10, wa pili 9, hivyohivyo mpaka chini, wakilingana wanagawana, ndo nusu inapozaliwa hapo. Maana yake ukimwacha mwenzako kwa sekunde moja au ukimwacha mbali kabisa, tofauti ni pointi moja ileile. Hilo nakubali kabisa, mtu anaweza kuwafunika wote kwenye zoezi moja na asiongezewe chochote.

Ila nendeni soko la Kibaigwa msimu wa mahindi mkaangalie vijana wanavyopakia Fuso. Kuna mwenye mwili, asubuhi anaibeba lumbesa peke yake watu wanapiga kelele, saa sita yuko kivulini kashika kiuno. Na kuna mwembamba fulani gunia la kwanza na la mwisho anapanda nalo ubao kwa mwendo uleule, na huyo ndo tajiri anamuulizia kesho yake. Mfumo wa nafasi unamtafuta huyo wa pili, ukiharibu zoezi moja tu umeachwa, na Nel ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kushiriki akamaliza mbele ya bingwa mtetezi. Kwangu mimi hiyo ni nguvu, wala sio bahati.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba ndo Mwafrika wa kwanza kushinda toka mashindano yaanze 1977. Yalishaletwa huku kwetu, Sun City ya Afrika Kusini, Victoria Falls upande wa Zambia, Botswana 2016 na 2017, na taji likawa linapanda ndege linaondoka. Kuna mdau akaniambia usishangilie sana, yule ni injinia wa umeme, kacheza raga, kakulia kwenye vyuma na msosi wa kueleweka, anafanana nini na kijana wa Kibaigwa? Hiyo hoja imenikaa kichwani wiki nzima na sijaipuuza, kwa sababu ni kweli hawafanani. Lakini naona inawasuta wenye pesa na viwanja kuliko inavyomsuta Nel, maana vijana wa kunyanyua tunao, kinachokosekana ni mtu wa kuwawekea yale mawe, gogo la kusukuma juu na sahani ya maana jioni wakishamaliza mazoezi.