Kabla Hujasema Ni Feki, Nionyeshe Ilipovunjikia

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu asubuhi nikiwa nimebanwa kwenye foleni ya Tazara, Dar. Alikuwa fundi wa kiwanda kimoja kilichopo Barabara ya Nyerere, kijana ninayemfahamu, mchapakazi.

"Kaka, shafti ya pampu imekatika tena."

"Imekatikia wapi?"

"Si ndiyo hizi za Mchina, kaka. Feki."

"Sawa, lakini imekatikia wapi?"

Kimya kidogo. Kisha akasema, "Tumeshaipeleka Gerezani ikachomelewe."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi mitano. Shafti iliyokuja na pampu, ule mhimili unaoizungusha, ilikatika, wakaichomelea. Iliyochomelewa ikakatika baada ya wiki tatu. Wakanunua mpya, nayo ikaishi wiki sita. Mara zote tatu hakuna mtu aliyetumia hata dakika tano kuangalia uso wa pale ilipovunjikia. Nikageuza gari kwenda Gerezani, mtaa wa karakana.

Mafundi wa mji huu, nami nikiwemo kwa miaka mingi, tuna majibu matatu tu chuma kikivunjika: ni feki, kimechakaa, au maji ya chumvi. Kila moja lina ukweli wake mahali pake. Feki zipo. Nimewahi kununua Kariakoo beringi iliyopigwa chapa upya, nikaifunga mwenyewe kwa mikono yangu, ikaanza kulia kabla ya wiki kuisha. Lakini siku hizi neno "feki" limekuwa kama "presha" kwa wazee: kila anayeanguka, ni presha. Ukishalisema, maswali yamekwisha. Unanunua kingine, unafunga, unasubiri nacho kivunjike.

Gerezani niliikuta shafti bado iko sakafuni, mwenye leti, ile mashine ya kukereza vyuma, anakunywa chai. Bahati yangu hiyo, maana dakika kumi baadaye gurudumu la grainda lingekuwa limeshafuta kila kitu. Nikaifuta mafuta kwa kitambaa laini, nikawasha tochi ya simu kwa pembeni.

Sehemu kubwa ya uso ilikuwa laini, karibu bapa, yenye mistari iliyopinda mmoja baada ya mwingine, kama ile inayobaki mchangani Coco Beach maji yakikupwa. Mistari yote ilianzia kona moja: kona ya ule mfereji unaochongwa kwenye shafti ili kii, kipande cha chuma cha kuzuia isiteleze, ikae. Upande wa pili palikuwa na kipande kidogo chenye chengachenga, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Basi.

Uso wa namna hiyo unasomeka. Ufa ulizaliwa pale konani, ukatembea polepole siku baada ya siku. Kila pampu ilipozimwa na kuwashwa, au mzigo ulipobadilika, ufa uliacha mstari. Umeme wetu ukikatika na kurudi, kumbe nao unaandika humo. Kile kipande cha chengachenga ndicho kilichobaki mwishoni kikiwa kimebeba kazi yote peke yake, kikashindwa kwa mara moja. Na kuwa kwake kidogo kuna maana: shafti ilikuwa haijaelemewa. Kama kipande kidogo kiasi kile kiliweza kuishikilia pampu hadi dakika ya mwisho, chuma chenyewe hakikuwa dhaifu. Ule uso ulikuwa unamtetea Mchina.

Kiswahili chetu cha mtaani kina neno zuri hapa, ila tunalitumia vibaya. Tunasema gari "limechoka" tukimaanisha ni la zamani. Chuma kuchoka si uzee. Chuma huchoka kwa kupindwa na kurudishwa, kupindwa na kurudishwa, kwa nguvu ambayo ingekuja mara moja tu kisingeisikia. Pampu ile inazunguka mara 1,450 kwa dakika. Piga hesabu: zaidi ya mizunguko milioni 2 kwa siku. Ikiwa shafti inapindwa kidogo tu kila inapozunguka, kwa wiki sita imepindwa mara zaidi ya milioni 80. Shafti mpya kabisa, ya dukani, yenye risiti, inaweza kufa kwa uchovu kabla vumbi halijaizoea.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1842 ekseli ya kichwa cha treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, na makumi ya watu wakafa. Ekseli za treni zikaendelea kukatika huku na huko Ulaya, na wahandisi wakikuna vichwa, kwa sababu mzigo ulikuwa chini kabisa ya kile chuma kingeweza kubeba. Mjerumani mmoja wa shirika la reli, August Wöhler, akatumia miaka mingi akizungusha vyuma kwenye mashine za majaribio na kuhesabu mizunguko hadi vikatike, na kufikia 1870 alikuwa ameonyesha kwamba hatari ni kule kurudiarudia, na kwamba kona kali huharakisha kifo. Karne moja na nusu imepita. Sisi bado tunachonga mfereji wa kii wenye kona kali kama ya sanduku.

Kona, hata hivyo, ni nusu ya kesi. Lazima kuwe na kitu kinachoipinda shafti. Tulipofika kiwandani nikamwomba yule kijana alegeze boliti za flenji ya bomba la kutolea maji. Alipolegeza ya mwisho, bomba likaruka pembeni karibu upana wa kidole. Muda wote huo bomba lilikuwa linaivuta pampu, pampu inapindana na mota, na shafti ipo katikati inaumia kila mzunguko. Bomba halikuwa na hata mguu mmoja wa kulishikilia. Nikauliza kapulingi, kile kiungo cha pampu na mota, ililinganishwa kwa kifaa gani, nikaambiwa kwa rula na jicho. Jicho la nani, sikuuliza.

Ungeweza kununua shafti ya Ujerumani iliyobarikiwa na askofu na shehe kwa pamoja, ingekatika palepale.

Kuhusu ile iliyochomelewa, nilimpata aliyeichomelea. Akanijibu kwa fahari kabisa: "Mzee, weldi yangu haikukatika. Imekatika pembeni." Ni kweli! Na ndiyo shida yenyewe. Shafti nyingi za pampu ni chuma chenye kaboni ya kati, kama asilimia 0.4. Ukikipiga weldi kikiwa baridi, bila kukipasha moto kwanza, ile sehemu iliyo jirani na weldi hupoa ghafla, kwa sababu shafti nzima inaunyonya moto, ikawa ngumu na isiyovumilia kupindwa. Weka na fimbo za kuchomelea zilizokaa wazi kwenye unyevu wa Dar miezi sita. Zile fimbo hupeleka haidrojeni ndani ya chuma, na nyufa zinaweza kujitokeza saa nyingi baada ya kazi kuisha, hata siku mbili, fundi ameshalipwa na kwenda zake. Weldi inabaki imesimama, inang'aa, na jirani yake amekatika. Sisemi shafti isichomelewe kamwe. Nasema anayeichomelea ajue anachomelea chuma gani, na fimbo zake zinalala wapi.

Sasa jibu la pili, maji ya chumvi.

Nimeonyeshwa impela nyingi, yale magurudumu ya mapanga yanayosukuma maji ndani ya pampu, zikiwa zimeliwa, nikaambiwa ni chumvi ya kisima. Ukiigeuza impela unakuta matundumatundu kama tumbawe, lakini yamejikusanya mahali pamoja, nyuma kidogo ya pale maji yanapoingilia kwenye mapanga. Kwingine kote ni safi. Chumvi haichagui mahali namna hiyo. Hayo ni mapovu. Pampu ikinyimwa maji upande wa kunyonya, presha pale mdomoni hushuka sana, na maji huanza kuchemka yakiwa baridi. Maji ya nyuzi 30, kama yalivyo kwenye matangi yetu mengi, huchemka presha ikishuka hadi kama asilimia 4 ya presha ya kawaida ya hewa. Mapovu ya mvuke yanazaliwa, yanasogea mbele kwenye presha kubwa, yanasinyaa kwa kishindo, na kila moja linapiga chuma kama nyundo ya sindano. Yapo mapovu yasiyo na hesabu. Mwanafizikia Rayleigh aliandika hesabu ya kusinyaa kwake mwaka 1917. Fundi wa ghorofani haihitaji hesabu hiyo, anahitaji sikio: pampu inasikika kana kwamba inasukuma kokoto.

Na nani aliyeinyima maji? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Bomba la kunyonya lilitakiwa inchi 3, tukaweka inchi 2 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani. Valvu ya chini kabisa imeziba majani. Pampu imewekwa juu kuliko ilivyopaswa ili isilowane mvua. Halafu tunalaumu bahari.

Pale bahari inapohusika kweli, Kigamboni na Msasani kwa mfano, ambako maji ya chumvi yameingia kwenye visima vingi, tunatoa jibu moja la mkato: weka stenlesi. Tunakwenda dukani na sumaku mfukoni, isiponata tunalipa. Sumaku haiwezi kukutofautishia stenlesi aina ya 304 na ya 316, na tofauti hiyo ndiyo unayoitafuta, kwa kuwa 316 ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3 inayosaidia kupambana na kloridi ya chumvi. Hata hiyo 316 maji ya bahari yakituama chini ya gasketi au chini ya kichwa cha boliti, huanza kutoboka kwa siri, tundu dogo juu, pango ndani. Mara nyingi stenlesi haipati kutu nyekundu ya kukuonya. Kwa hili natamani wauzaji wangekuwa wakweli zaidi, lakini biashara ni biashara.

"Kimechakaa" ndilo jibu linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu ndilo linaloandikwa kwenye fomu. Mstari wa "sababu ya kuharibika" una nafasi ya maneno mawili, na hilo moja linatosha. Ofisi inaridhika, manunuzi yanaendelea, na kipande kilichovunjika kinauzwa chuma chakavu siku hiyohiyo kwa kilo, hela ya soda. Lakini kuchakaa ni nini? Agosti 2004, katika kituo cha nyuklia cha Mihama, Japani, bomba la maji moto lilipasuka na mvuke ukaua wafanyakazi watano. Upande wa nyuklia haukuguswa. Lilikuwa bomba la kawaida la chuma cha kaboni, lililoanza na unene wa milimita 10, na pale lilipopasuka likawa limebaki chini ya milimita 2. Maji ya moto yaendayo kasi yalikuwa yakiyeyusha ile ngozi nyembamba inayolikinga bomba, kidogo kidogo, tangu 1976. Sehemu ile haikuwemo kwenye orodha ya kukaguliwa. Ungeandika "kimechakaa" kwenye fomu, usingekuwa umekosea. Na usingekuwa umesema kitu.

Au boliti. Nani anajali boliti? Tarehe 17 Agosti 2009, kwenye bwawa la Sayano-Shushenskaya huko Urusi, boliti za kifuniko cha tabo namba 2, mtambo unaozungushwa na maji kuzalisha umeme, zilikatika, kifuniko kikarushwa, maji yakafurika ukumbi wa mitambo, watu 75 wakafa. Zilipochunguzwa, nyingi zilikutwa na nyufa za uchovu zilizoanza siku nyingi kabla. Tabo ile ilikuwa ikitetemeka, na ilijulikana kuwa inatetemeka. Sisi sasa tuna Bwawa la Julius Nyerere, mitambo tisa, megawati 2,115. Najivunia kama mtu mwingine yeyote. Vijana watakaoitunza kwa miaka hamsini ijayo, leo hii wako kwenye karakana za Gerezani, Vingunguti na Buguruni, wakifundishwa na wakubwa zao kwamba chuma kilichokatika kinapigwa grainda kwanza, maswali baadaye.

Tuirudie pampu yetu. Mkerezaji alichonga shafti nyingine, safari hii kwa chuma tulichojua ni kipi, na kona za mfereji nikamsimamia azifanye za mviringo. Bomba likapata miguu miwili. Kapulingi tukailinganisha kwa geji, kazi ya nusu siku iliyomchosha msimamizi wa kiwanda, maana alitaka mashine iwake saa tano. Leo ni siku ya tisa inazunguka. Siku tisa si kitu, ile iliyopita ilifika wiki sita, kwa hiyo sijasherehekea.

Ila jana usiku yule kijana alinitumia picha. Pampu nyingine, ya mfumo wa kupooza. Impela imelazwa juu ya gazeti kuukuu, ina tope na utelezi wa kijani kibichi, chafu kwelikweli. Chini yake ameandika: "Kaka, sijaiosha."