Vichekesho vya Filamu Bubu: Vipunguzwe Kasi au Viachwe Vikimbie?

Filamu bubu ya vichekesho yenye rili mbili (yaani magurudumu mawili ya mkanda wa filamu) inaweza kuwa na dakika 22 katika nakala moja na karibu dakika 30 katika nyingine, bila tukio hata moja kukatwa. Tofauti hiyo ni ya kasi tu, na imewagawa wapenzi wa sinema hizi kwa muda mrefu. Kuna wanaodai kila filamu irudishwe kwenye mwendo wa kawaida wa binadamu. Wengine wanasema kufanya hivyo ni kuua mzaha.

Tuanze na hesabu. Rili moja ya milimita 35 ilikuwa na futi 1,000, na kila futi ina fremu 16, yaani picha 16 moja moja. Kamera ilizungushwa kwa mkono: mzunguko mmoja ulipitisha fremu 8, hivyo mizunguko miwili kwa sekunde ilitoa fremu 16. Kwa mwendo huo rili nzima inachukua dakika 16 na sekunde 40. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, fremu 24 kwa sekunde ikawa kanuni, na rili ileile ikawa inamalizika kwa dakika 11 na ushei. Kilichopigwa kwa 16 na kuonyeshwa kwa 24 kinakwenda mara moja na nusu ya kasi yake.

Wanaotaka mwendo upunguzwe wana hoja nzito, na hoja yenyewe ni uzito. Kitu kikidondoka kutoka kimo cha mita 1 huchukua takriban sekunde 0.45 kufika chini. Kasi ikiongezwa mara moja na nusu, kinafika kwa sekunde 0.3. Mtazamaji hapigi hesabu, lakini macho yake yanajua kwamba mwili ule umekuwa mwepesi kama karatasi. Anguko lisilo na uzito halina hatari, na bila hatari unabaki na mtu anayerukaruka tu.

Hasara inaonekana zaidi kwenye kazi ya mikono. Katika The Pawnshop ya mwaka 1916, Charlie Chaplin anapokea saa ya mteja anayetaka kuiweka rehani. Anaipima kwa kifaa cha daktari cha kusikilizia mapigo ya moyo, anaifungua kwa kifungulia kopo, ananusa kilichomo, anatoa vyuma kimoja kimoja, kisha anavikusanya vyote na kumrudishia mteja ndani ya kofia. Kila kitendo ni kifupi na kina maana yake: sasa yeye ni daktari, mara anafungua kopo la samaki. Ukikimbiza tukio hili unaona mikono inayopapatika, na zile zamu za kazi zinapotea. Uso wa mteja, ambao umeganda muda wote, nao haupati nafasi ya kuchekesha.

Upande wa pili, hata hivyo, hauongei tu kwa mazoea. Wapigapicha wa vichekesho walipunguza kwa makusudi mizunguko ya kamera ili mwendo uonekane wa haraka kwenye pazia. Tena, waonyeshaji wa wakati huo mara nyingi waliendesha projekta kwa kasi kuliko kamera ilivyozungushwa, na watengenezaji walilijua hilo. Mbio za polisi za studio ya Keystone, ukizishusha hadi mwendo wa kawaida, zinakuwa kundi la watu wazima wakikimbia bila sababu.

Kuna na suala la mwaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, kasi ya kupigia picha ilikuwa imepanda na kukaribia ile ya sauti. Big Business ya wachekeshaji wawili Laurel na Hardy, ya mwaka 1929, imejengwa juu ya kusubiri: mmoja anaharibu mali, mwenzake anasimama akitazama kwa utulivu kabisa hadi zamu yake ya kuharibu ifike. Huo upole umeshapimwa. Ukiushusha tena hadi fremu 18, unapata usingizi.

Kwa maoni yangu wote wanakosea wanapotafuta namba moja. Mwendeshaji wa kamera aliweza kubadilisha kasi kutoka tukio moja hadi jingine ndani ya filamu ileile. Kwa hiyo pima kwa matukio ya utulivu, kisha mbio uziache ziende zitakavyokwenda. Na usimpime mchekeshaji mwenyewe, maana kutembea kwake ni sehemu ya mzaha. Tazama wapita njia, farasi, moshi, maji yanayomwagwa. Vikionekana vya kawaida au vya haraka kidogo tu, acha hapo hapo. Kwa filamu nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 1920, fremu 20 hadi 22 zinaelekea kufaa kuliko 16.

Mwisho wa One Week ya mchekeshaji Buster Keaton, ya mwaka 1920, unafaa kwa jaribio hili. Nyumba imekwama juu ya reli na treni inakuja. Mume na mke wanashindwa kuisogeza, wanageuza nyuso, na treni inapita kwenye reli ya jirani. Wanashusha pumzi. Ghafla treni nyingine inatokea upande wa pili na kuivunjavunja nyumba. Kicheko chote kimo katika pumzi ile. Ikiwa hukupata muda wa kushusha ya kwako, nakala inakwenda mbio mno. Ikiwa umeanza kujiuliza kitafuata nini, imepooza.

Ukitazama kwenye kompyuta, kasi ya 0.75 inageuza fremu 24 kuwa 18, na 0.9 inakupa karibu 22. Zima muziki kwanza, kwani ulipangwa kwa kasi ya nakala ile. Zipo nakala zilizonyooshwa kwa kurudia kila fremu ya pili. Hizo hushtukashtuka, na kupunguza kasi hakuziponyi. Programu zinazobuni fremu za katikati ni balaa zaidi, kwa sababu huchora ukungu pale mkono au fimbo inapokwenda kwa haraka, yaani palepale penye mzaha. Angalia pia umbo la picha. Filamu hizi ni za uwiano wa karibu 4 kwa 3, na zikikatwa ili zijaze pazia pana la 16 kwa 9, robo ya kimo inaondoka. Kama huoni viatu vya mchekeshaji aliyesimama mbali na kamera, tafuta nakala nyingine kabla hujagusa kasi.