Acheni kudharau mafumbo ya ajabu ya chesi

Jana jioni barazani kwetu Ngamiani nilikasirika kweli. Kuna kijana wetu anasoma mambo ya kompyuta, kaandika mwenyewe programu ya kucheza chesi, na inawafunga karibu wote wanaokaa pale. Nikamwambia, mdogo wangu, hebu tuipe fumbo, yaani kete zilizopangwa tayari halafu utafute njia ya kushinda. Hata sijamaliza kupanga kete, kaka mmoja tunayemheshimu sana akadakia, "Hali kama hiyo kwenye gemu la kweli haitokei, unampotezea mtoto muda." Na wenzake wakaitikia!

Hapana kaka zangu. Kwa vile haitokei ovyo ndo maana inafaa. Programu ikicheza na sisi inashinda kwa makosa yetu, tunaacha malkia wazi, inakula, imekwisha, sasa hapo umejua nini kuhusu ilivyoandikwa?

Fumbo lenyewe lina kete nne tu. Herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari wa mlalo: mweupe ana mfalme b6 na askari c6, mweusi ana mfalme a1 na ngome d5, anaanza mweupe. Mwaka 1895 kule Glasgow lilitoka gazetini kama sare, mpaka mtawa wa Kihispania, Fernando Saavedra, akaonyesha kuwa mweupe anashinda. Askari anakwenda c7, ngome inapiga sheki d6, yaani inamtishia mfalme, mfalme b5, sheki tena d5, mfalme b4, hivyo hivyo anashuka mpaka b3 na mwisho c2, ngome inarudi d4. Askari sasa anafika mwisho, c8, ageuzwe kete nyingine, na hapo mkono wa kila mtu unakwenda kwa malkia. Ukimchukua tu, ngome inakuja c4 sheki, malkia akiila, mfalme mweusi hana pa kwenda na hajapigwa sheki, sare. Dawa yake ni kumgeuza askari kuwa ngome! Unatishia chekimeti a8, yaani kumnasa mfalme asiwe na pa kuponea, mweusi lazima azibe a4, halafu mfalme wako anasogea b3 na kwa hatua hiyo moja anatishia kuila ngome na vilevile chekimeti pale c1. Mimi kila nikiipanga hii nasisimka.

Programu ya kijana ilimgeuza askari kuwa malkia. Tukafungua kodi, yale maandishi ya programu, tukaikuta: askari akifika mwisho anakuwa malkia, basi, hakuna chaguo jingine. Wanaoandika programu kwa mara ya kwanza wengi wanafanya hivyo ili hatua za kuhesabu zipungue. Na asingegundua, maana lile jaribio la kuhesabu njia zote za kucheza tangu mwanzo wa gemu, kwa hatua moja, mbili, tatu na nne, alishalifanya na namba zote zililingana na zinazojulikana, 20, 400, 8,902, 197,281. Zitakataaje wakati ndani ya hatua nne, mbili huku mbili kule, hakuna askari anayeweza kufika mwisho? Angeendelea hivyo mwaka mzima anashinda barazani na shimo lipo pale pale.

Au chukua fumbo lile ambalo James Plaskett, mchezaji wa Uingereza, aliwaonyesha magwiji wa chesi Brussels mwaka 1987 akalifumbua Mikhail Tal, bingwa wa dunia wa zamani, mweusi anageuza askari wawili kuwa farasi na bado anafungwa na askofu mmoja. Nani angefikiria kuipima programu kwa kitu kama hicho kama si watu wa mafumbo?

Haya, nakubali, fumbo halikwambii programu ipi ni kali kuliko ipi, hilo linajulikana kwa magemu maelfu na hata wanaoandika Stockfish, programu kali ya chesi, wanapima mabadiliko yao hivyo. Na yale marefu ya Ottó Bláthy, injinia wa Hungaria, chekimeti kwa hatua 290, sitampa mtu anayeanza. Lakini magemu elfu yatakwambia imeshindwa, hayatakuonyesha mstari gani wa kodi umekosewa. Fumbo la kete nne lilituonyesha kabla kahawa haijapoa.

Kijana ameshaongeza ngome, farasi na askofu kwenye kodi. Kilichobaki ni ile njia ya mkato ya kuruka zamu, programu inajiuliza "nikimwachia mwenzangu acheze mara mbili, bado niko vizuri?" ikiona ndiyo inaacha kuhesabu upande ule. Nzuri sana kwa spidi, ila kuna hali ambazo kila hatua utakayocheza inakuharibia na afadhali ungekaa kimya, na hapo hesabu yote inaharibika. Mwenye mafumbo ya namna hiyo, hasa yenye wafalme na askari watupu, aje nayo barazani, kijana yupo kila siku baada ya magharibi na anayataka.