Friji likipiga shoti, ndala si jibu

Nafundisha fizikia sekondari hapa Dodoma, na majirani wakishajua hivyo maswali ya umeme hayaishi. "Mwalimu, hivi chaja ikibaki ukutani inakula uniti?" "Mwalimu, mbona ndege anatua kwenye waya na hafi?" Ni maswali mazuri na huwa nayajibu kwa moyo wote. Linaloninyima usingizi ni lile ambalo haliji kama swali. Mtu analitaja katikati ya mazungumzo mengine: "Friji letu linapiga shoti kidogo, ila ukivaa ndala halina neno."

Mtoto anajua asiliguse akiwa peku. Dada wa kazi aliambiwa siku aliyofika. Mgeni anaonywa akienda kuchukua maji ya baridi. Familia nzima imejipanga kuishi na hatari, na wote wanaiona kuwa kero ndogo. Nasema bila kuficha: kwa nyumba zetu za Dodoma, hili ni jambo kubwa kuliko bei ya uniti na kuliko umeme kukatika, na ndilo tunaloliongelea kidogo kuliko yote.

Tuanze na ndege, kwa sababu jibu la ndege ndilo jibu la friji. Umeme hautembei kwa kuwa kuna waya wenye moto. Unatembea pale tu unapopata njia ya kwenda na njia ya kurudi, na tofauti ya volti kati ya ncha mbili za njia hiyo. Ndege amesimama kwa miguu yote miwili kwenye waya uleule. Kati ya mguu na mguu hakuna tofauti ya volti ya kutajika, kwa hiyo hakuna cha kupita mwilini mwake. Ndege mkubwa akitandaza mabawa na kugusa waya wa pili au chuma cha nguzo, anakufa papo hapo.

Sisi hatuko kama huyo ndege kwa sababu tunasimama ardhini, na ardhi ni sehemu ya mfumo. Hapa ndipo wengi hupotea. Nyumbani zinaingia nyaya mbili, wa moto ambao mafundi huuita laivu, na nyutro, ule wa kuurudisha umeme. Ile nyutro imefungwa ardhini kwa makusudi kule kwenye transfoma. Maana yake ni kwamba kati ya waya wa moto na sakafu uliyosimama kuna volti 230, zilezile zilizoko kati ya matundu mawili ya soketi. Anayetaka kuliona hilo kwa macho aende akatazame treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Juu ya njia kuu kuna waya wa volti 25,000 ambao kichwa cha treni kinaugusa, na waya wa pili wa kuurudisha umeme huwezi kuuona ukiingia kwenye treni. Umeme unashuka kwenye injini na kuanza safari ya kurudi kupitia magurudumu na reli.

Wengi tulifundishwa kwamba umeme kwenye waya ni kama maji kwenye bomba. Mfano huo unasaidia mahali pa kuanzia, lakini unadanganya katika jambo lenye hatari zaidi. Bomba likikatika maji yanamwagika na unayaona. Waya ukikatika hakuna kinachomwagika. Umeme unasubiri tu mpaka kitu kikamilishe njia, na kitu hicho kinaweza kuwa mkono wako.

(Wanafunzi wangu hushangaa zaidi wakisikia kwamba elektroni zenyewe ndani ya waya huenda polepole mno, sehemu ya milimita kwa sekunde. Na kwa kuwa umeme wetu hubadili mwelekeo mara 100 kila sekunde, elektroni hizo zinatikisika tu huku na huko palepale zilipo. Kinachofika kwenye taa mara moja ni msukumo wake. Hakuna elektroni iliyosafiri kutoka bwawa la umeme la Mtera ikaja kuwaka sebuleni kwako.)

Sasa ndala. Mwili wa mtu aliyelowa unaweza kuwa na ukinzani, yaani uzito wa kuuzuia umeme usipite, wa omu 1,000 hivi. Gawanya volti 230 kwa 1,000, upate mkondo, yaani kiasi cha umeme unaopita, wa ampea 0.23. Mkondo unaozidi ampea 0.03 ukipita kifuani kwa muda unaweza kuuvuruga moyo usidunde sawasawa, kwa hiyo hapo tumeshapita mpaka zaidi ya mara saba. Ndala kavu ya mpira inaongeza ukinzani kati ya mguu na sakafu, mkondo unapungua hadi kuwa mtekenyo tu au usisikike kabisa. Ndiyo maana watu wanaiamini. Lakini ndala hailindi mkono. Ukishika mpini wa friji kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukagusa bomba la chuma, nondo ya dirisha au ukuta wenye unyevu, njia imekamilika kutoka mkono hadi mkono, na katikati ya njia hiyo kuna moyo. Mtoto akimwaga maji, ndala yenyewe imeshalowa. Na ule "mtekenyo" wa leo unaweza kuwa ni mpira wa waya uliochubuka kidogo nyuma ya friji. Kesho ukichubuka wote, chuma chote cha friji kitakuwa waya wa moto.

Kuna anayeniuliza kama basi volti ndizo zinazoua. Kiangazi chetu kinajibu vizuri. Mwezi wa sita na wa saba, upepo mkavu ukivuma, ukivua sweta gizani unaona cheche, na ukigusa mlango wa gari unashtuka. Zile ni volti elfu kadhaa, nyingi kuliko za soketi, na hazikuui kwa sababu chaji iliyopo ni ndogo na inakwisha kufumba na kufumbua. Soketi haiishiwi. Itaendelea kusukuma mkondo ilimradi njia ipo.

Dawa ya friji ni waya wa tatu, ule wenye rangi ya kijani na njano ambao mafundi huuita ethi. Kazi yake ni moja: kuyaunganisha maungo ya chuma ya kifaa na ardhi, ili umeme ukivuja upite huko badala ya kukusubiri wewe. Tazama plagi yako ya pini tatu. Pini ya juu ni ndefu kuliko nyingine kwa makusudi, ili ethi iunganike kwanza kabla ya moto kufika na iachie mwisho wakati wa kuchomoa. Pini hiyo ndiyo pia inayofungua vile vifuniko vidogo ndani ya soketi vinavyozuia mtoto kuchomeka msumari. Sisi tunafanya nini? Tunachukua kalamu, tunasukuma tundu la juu, tunachomeka plagi ya pini mbili. Kila nyumba nimeliona, kila saluni, kila banda la kuchajia simu. Kwa chaja ya plastiki madhara ni soketi kulegea na kuanza kupata moto. Kwa pasi, jiko au friji ambalo waya wake wa ethi umekatwa ili plagi ya pini mbili ienee, tumeondoa kinga yote.

Lakini hata aliyeunganisha ethi hadi kwenye soketi bado hajamaliza, na hapa nazungumza na wenzangu wanaojenga Nzuguni, Ihumwa, Iyumbu, Nala na kote ambako mji unatanuka. Ethi inaishia kwenye rodi ya shaba iliyopigwa chini nje ya nyumba. Rodi ile inategemea unyevu. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na udongo wetu ni mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Mvua zetu zinaanza Desemba na zikifika Aprili zimekwisha, halafu ni jua na upepo. Kuna viwanja ambavyo ukichimba kidogo unakutana na mwamba, na fundi anayetaka kumaliza kazi anaikata rodi nusu na kuifukia.

Hebu tupige hesabu. Tuseme rodi kwenye udongo mkavu ina ukinzani wa omu 200. Friji likivuja kabisa, mkondo utakaoingia ardhini ni 230 gawanya kwa 200, yaani ampea 1.15. Breka ya soketi, ile swichi inayokata yenyewe mkondo ukizidi, imewekwa ampea 32 au karibu na hapo. Kwake ampea moja na kitu ni kama umewasha televisheni, haitakata kamwe. Chuma cha friji kitabaki na volti karibu zote 230 huku ethi ipo. Zaidi ya hapo, umeme huo unaovuja unapita kwenye mita. Ni wati 264 mchana na usiku, zaidi ya uniti 6 kwa siku zinazozama kwenye mchanga. Kwa hiyo mama anayelalamika kwamba LUKU inamalizika bila sababu, na nyumbani kwake kuna kitu kinachopiga shoti, asiilaumu chaja ya simu. Chaja iliyobaki ukutani bila simu hula chini ya nusu wati, haifikishi hata nusu uniti kwa mwezi. Aangalie kwanza uvujaji, kisha hita ya kuogea ya wati 4,500, ambayo kwa dakika kumi tu inakula uniti 0.75. Watu watano wakioga asubuhi za baridi ya Julai, uniti karibu nne zimeondoka kabla ya chai.

Kinachotatua tatizo la udongo mkavu ni kifaa kidogo kinachokaa kwenye boksi la breka, RCD, ambacho baadhi ya mafundi bado hukiita ELCB. Kinalinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Vikitofautiana kwa ampea 0.03, maana yake kuna umeme umepotelea njiani, na kinakata kabla moyo haujapata madhara. Hata rodi mbovu ya omu 1,000 inatosha kukishtua. Kwa mji wenye udongo kama wetu sioni kwa nini nyumba yoyote ijengwe bila hicho, wakati tunapata fedha za dari ya jipsamu yenye taa za rangi. Kina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze mara kwa mara. Kisipokata, kimeharibika na kibadilishwe.

Kuhusu nyaya zilizoanguka nitasema kwa kifupi, maana msimu wa upepo na radi unakuja na wafugaji wengi wanasoma hapa. Umeme ukiingia ardhini, iwe wa radi au wa waya uliokatika, volti inapungua kadiri unavyokwenda mbali na pale ulipoingia. Anayepiga hatua ndefu ana volti moja mguu huu na nyingine mguu ule. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali zaidi, ndiyo maana radi inaweza kuua ng'ombe kadhaa chini ya mti mmoja bila kuwapiga moja kwa moja. Ukijikuta karibu na waya ulioanguka, ondoka kwa hatua fupi za kuburuta miguu ikiwa imegusana, na usimruhusu mtu kwenda kumvuta aliyenaswa mpaka umeme umekatwa.

Kwa mafundi nina ombi moja. Mnapoweka ethi Dodoma, pigeni rodi ndefu, na pakiwa na mwamba wekeni mbili au tatu zilizoachana na kuunganishwa, karibu na mahali maji ya kunawia au ya kuogea yanapomwagikia. Kisha pimeni kwa kipimo, msikadirie kwa macho. Na kipimo cha Machi, ardhi ikiwa imelowa, kisimpe mwenye nyumba uhakika wa mwaka mzima. Rudini Oktoba, vumbi likiwa juu, mpime tena palepale, na namba ya Oktoba ndiyo mwandike kwenye cheti.