MV Bukoba jukwaani: kutonesha kidonda au kulia pamoja?

Kikundi cha sanaa cha mtaani kikisema kinataka kuigiza msiba wa taifa, jibu la kwanza huwa lile lile: mnatonesha vidonda vya watu. Jibu hilo ni la zamani mno. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, Phrynichus, mtunzi wa tamthilia wa Ugiriki ya kale, aliigiza mjini Athens kutekwa kwa Miletus, mji wa Wagiriki wenzao, na mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba watazamaji waliangua kilio. Waathene wakamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha maafa yao, kisha wakapiga marufuku igizo lile lisionyeshwe tena.

Hoja ya Waathene si ya kubezwa, na kwetu inagusa moja kwa moja meli ya abiria MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Manusura na wafiwa bado wako nasi. Mama aliyempoteza mwanawe hapaswi kushtukizwa uwanjani na kijana wa jirani anayejifanya anazama. Watazamaji wetu nao wana mazoea ya kucheka pale mwigizaji anapolia, na kicheko kimoja tu kinatosha kumvunja moyo mfiwa aliyekaa mstari wa mbele. Tena wapo wasanii wanaofuata fedha za mfadhili, leo igizo la chandarua, kesho la msiba. Anayewatilia shaka hao ana haki.

Hata hivyo, wapingaji huzungumza kana kwamba msiba huu una wenyewe wanaojulikana wote, na sisi wengine ni wapita njia. Hapo ndipo nisipokubaliana nao. Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 1,000. Kwa nini tukadirie? Kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, lakini wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Aliyelipa nauli ndogo alipanda bila jina lake kuandikwa popote. Mchuuzi wa ndizi, kijana aliyekwenda Mwanza kutafuta kibarua, binti aliyeparamia meli bandari ya Kemondo dakika za mwisho, hao wote wanaweza kuwa ndani ya ile tofauti kati ya 800 na 1,000. Wengine wamelala Igoma, Mwanza, kwenye makaburi ya pamoja, wengine hawakutolewa ziwani kabisa. Watu 200 wanaoweza kuwapo au wasiwepo katika hesabu za nchi! Ibada ya kila mwaka inawaombea kwa ujumla wao, na ni vyema. Igizo linaweza kumsimamisha mmoja wao mbele yetu, likampa mzigo wake, safari yake na mtu anayemsubiri gatini, nasi tukamlilia kama tunavyomlilia mtu tunayemjua.

Tena liko jambo ambalo ripoti hulipita kwa sentensi moja. Meli ilipopinduka, sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji, na watu waliokuwa ndani waligonga bati ili wasikike. Waokoaji wakatoboa tundu, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, na meli ikazama. Kuionyesha saa hiyo hakuhitaji maji wala mayowe. Ngoma moja nyuma ya pazia inatosha, inagonga, inajibiwa, halafu haijibiwi. Uwanja mzima utaelewa, na mfiwa atajua kwamba wengine nao wamesikia.

Njia ya kufanya hivyo bila kuwaumiza watu tunayo. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakupeleka mchezo uliokwisha kuandikwa. Mchezo ulitokana na wanakijiji wenyewe, na baada ya onyesho watu walijadiliana. Kwa msiba, utaratibu huo ni wa lazima. Wafiwa waulizwe kwanza, waruhusiwe kukataa tukio lolote, na kiingilio kisiwepo.

Wanaosema tuyaache yapite, waikumbuke MV Nyerere. Tarehe 20 Septemba 2018, katika ziwa hilo hilo, kivuko kilichojengwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya 220. Sidai kwamba igizo lingezuia nahodha au mkata tiketi kujaza watu. Ninachosema ni kwamba ile miaka 22 ya kunyamaza haikumlinda mtu yeyote, na haikuwapunguzia wafiwa wa Bukoba chochote.

Kwa hiyo kikundi kitakachothubutu kisianzie Dar es Salaam mbele ya wageni waalikwa. Kianzie Bukoba, kipite Kemondo, kimalizie Mwanza, katika njia ile ile ya meli. Na wafiwa wa huko wakisema hapana, kifunge ngoma zake kirudi nyumbani, bila kuwalaumu.